Mkasi si adui wa mti: tuipogoe mibuni tuliyoachiwa na wazee wetu

Katika mashamba mengi ya Nyabusozi na vijiji vingine vya Biharamulo na Ngara, imo mibuni iliyopandwa na watu ambao leo hatuna la kuwafanyia ila kuwaombea rehema. Mibuni hiyo imelipa ada za shule, imetoa mahari, imeezeka nyumba kwa bati, na baadhi yake ndiyo iliyonunua saruji ya misikiti tunayoswalia. Lakini ukiitazama leo utaikuta imerefuka kupita paa la nyumba, mashina yamevaa kuvu, matawi ya chini yamekauka, na kahawa kidogo iliyosalia imo kileleni, ambako mchumaji huifikia kwa kulivuta shina hadi livunjike. Ukimwambia mwenye shamba kwamba mti huo wahitaji kukatwa ili uishi, atakutazama kama mtu aliyetukanwa. "Mti unaozaa haukatwi," ndiyo kauli tunayoisikia kila mahali.

Kauli hiyo imebeba heshima, nasi hatuidharau. Aliyekulia katika nyumba iliyolishwa na kahawa anajua mti huo ni nini. Hata hivyo, heshima isiyoambatana na maarifa huweza kuua kile kinachoheshimiwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini mbuni hukatwa, jinsi unavyokatwa, wakati gani, na, jambo ambalo kwa familia nyingi ni zito kuliko yote, namna ya kuishi katika kipindi ambacho mti uliokatwa bado haujarudi kuzaa.

Swali lililotukabili katika shamba la wakfu

Suala hili lilitufikia kamati nzima ya msikiti kwa njia ya amana. Mmoja wa wazee wetu aliwakifu shamba lake la kahawa, na mapato yake akayaelekeza kwenye posho ya mwalimu wa madrasa na matengenezo ya msikiti. Tulipokabidhiwa shamba hilo, mibuni yake ilikuwa tayari mizee. Ilikuwa ikizaa, lakini mwaka mmoja sana na mwaka unaofuata karibu na bure, na kila msimu idadi ya matawi yaliyokauka ilizidi.

Kila aliyesoma mlango wa wakfu anajua msingi wake, ambao umepokewa katika kisa mashuhuri cha ardhi ya Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, huko Khaybar: asili huzuiliwa, na matunda yake hutolewa. Asili haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi. Msimamizi wa wakfu kwa hiyo anadaiwa mambo mawili kwa pamoja: ayafikishe matunda kwa wanaostahiki, na ailinde asili isiangamie. Kwa kawaida mambo hayo mawili huenda sambamba, ila katika shamba la mibuni mizee hugongana. Ukiilinda asili kwa kuikata, matunda ya mwaka huu yanapungua. Ukiendelea kuchuma matunda bila kukata, asili inakufa polepole.

Tulikaa vikao viwili. Mzee mmoja alisema, "Bwana Katibu, mimi shamba hili nilimsaidia marehemu kulipanda. Mkilikata lote mtakuwa mmeling'oa." Mama mmoja anayesimamia darasa la watoto wadogo hakupinga kukata, bali aliuliza swali lililotunyamazisha: "Huo mwaka ambao kahawa haipo, mwalimu atakula nini?" Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yaliyounda mpango wetu. Ila kabla ya kuueleza, yafaa tuufahamu mti wenyewe.

Sheria moja kwa miti yote

Wajapani wanayo sanaa inayojulikana dunia nzima kwa jina la bonsai, maana yake kilichopandwa katika sinia. Asili yake ni China, na Wajapani wameikuza kwa mamia ya miaka. Mti ambao mwituni ungefika makumi ya mita hulelewa katika chombo kidogo, ukabaki na kimo cha mkono wa mtu huku ukiwa na sura ya mti wa kale. Miongoni mwa miti wanayoitumia ni ndugu mmoja wa msonobari aitwaye sprusi, atokaye katika nchi za baridi, hasa ile aina ya kisiwa cha Hokkaido. Machipukizi yake mabichi hunyofolewa kwa vidole katika majira ya kuchipua, matawi yake hufungwa waya na kuinamishwa chini yafanane na matawi yaliyolemewa na theluji, na mizizi hupunguzwa kila baada ya miaka kadhaa.

Wapo miti ya namna hiyo yenye umri mkubwa kuliko wa ukoo mzima. Mwaka 1976 bwana mmoja wa Hiroshima, Masaru Yamaki, aliitunuku Marekani msonobari wa bonsai ulioanza kulelewa mwaka 1625. Familia yake iliutunza kwa vizazi vingi, na ulikuwa nyumbani kwao, kiasi cha kilomita tatu kutoka mahali lilipoanguka bomu la atomiki tarehe 6 Agosti 1945. Ukuta wa bustani uliukinga, ukasalimika. Mti huo umo Washington mpaka leo. Karibu miaka 400 umekatwa kila mwaka, na kukatwa huko hakukuufupishia umri.

Sisi hatuhitaji miti ya mapambo ya kuweka juu ya meza. Tunachokihitaji ni ile kanuni inayofanya kazi katika sinia la Mjapani na katika shamba la Nyabusozi kwa namna moja. Kilele cha mti hutoa kichocheo kinachoteremka kwenye shina na kuvizuia vichipukizi vya chini visiamke. Kilele kikikatwa au kikiinamishwa, kizuizi huondoka, na vichipukizi vilivyolala huamka. Mwenye kupogoa kwa hiyo huugawia mti nguvu zake upya: huuelekeza wapi uzitumie na wapi uache.

Kuna tofauti moja tu, nayo yapasa itupe moyo. Sprusi ukikatwa hadi kwenye mti mkavu usio na jani hata moja la kijani, kwa kawaida tawi lile halichipui tena, hufa. Ndiyo maana mlezi wake hukata kwa woga na huacha majani daima. Mbuni si hivyo. Mbuni mzee ulio hai mizizini, ukikatwa ukabaki kisiki kisicho na jani, huchipua kutoka kwenye gome kuukuu kana kwamba umezaliwa jana. Uwezo huo ambao miti mingi imenyimwa, mbuni umepewa.

Jinsi mbuni unavyozaa

Mbuni una aina mbili za machipukizi. Ya kwanza ni yale yaendayo juu wima kutoka kwenye shina, ambayo wataalamu wa kahawa huyaita maotea. Ya pili ni matawi ya mlalo, yatokayo mawili mawili kila upande wa shina. Kahawa huzaliwa na matawi ya mlalo. Oteo kazi yake ni kuwa shina jipya ambalo baadaye litatoa matawi yake ya mlalo. Tawi la mlalo la kwanza kabisa likishang'oka shinani, mahali pale hapatoi jingine. Anayevunja matawi ovyo wakati wa kuchuma anajifungia milango ambayo haifunguki tena.

Jambo la pili: kahawa huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyoota msimu uliopita. Pingili iliyokwisha kuzaa imemaliza kazi yake. Tawi husonga mbele kila mwaka, na uzazi husonga nalo, ukiuacha nyuma mti mtupu. Ndiyo sababu mbuni usiopogolewa hubeba kahawa kwenye ncha za matawi na kileleni tu, ilhali katikati pake ni kama fremu ya mwavuli uliochanika.

Jambo la tatu: mti ulioachwa na mashina na matawi mengi hutoa maua mengi kuliko uwezo wake. Mwaka huo mwenyewe hufurahi. Lakini mti umetumia akiba yote kukuza buni, haukubakiza nguvu ya kuotesha matawi ya mwaka ujao, na ncha zake huanza kukauka. Mwaka wa pili hakuna kitu. Watu husema mti umepumzika. Kwa hakika umeumia.

Kupogoa kwa kila mwaka

Kazi ya kila mwaka hufanywa mara baada ya mavuno kumalizika, kabla mvua za vuli hazijashika vizuri. Kwa robusta yetu, ambayo huanza kuchumwa karibu na mwezi wa Mei, wakati huo huangukia kwenye mwezi wa Septemba au karibu na hapo. Mti unakuwa umetua mzigo, na mvua zinakuja kuusaidia kupona.

Anza na vilivyokufa na vilivyo vigonjwa: matawi makavu, yaliyovunjika, yaliyotobolewa na wadudu. Majirani zetu wa Uganda wamesumbuliwa kwa miaka mingi na mdudu mweusi mdogo sana anayetoboa matawi membamba na kuyakausha. Tawi lenye tundu lake hukatwa chini ya tundu na kuchomwa moto siku ile ile, lisiachwe shambani. Kisha ondoa matawi yanayogusa ardhi, yanayorudi ndani kuelekea shinani, na yanayosuguana. Mwisho ondoa yale yaliyokwisha kuchoka, marefu yenye majani machache nchani. Ukimaliza, simama hatua chache kutoka kwenye mti. Jua liweze kupenya hadi katikati, na hewa ipite.

Maotea huhitaji jicho la mara kwa mara, hasa wakati wa mvua. Yakiwa machanga hunyofolewa kwa mkono pasipo kuacha jeraha kubwa, na kazi hii hata watoto waliokomaa kidogo huiweza wakielekezwa. Ukiyaacha hadi yawe manene kama kidole gumba, utalazimika kuyakata kwa chombo, na mti utakuwa umekwisha kuyalisha bure. Kwa robusta, mashina matatu au manne katika mti mmoja yanatosha. Shamba lililopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3 lina mibuni ipatayo 450 katika ekari moja. Ukiacha mashina matatu kwa kila mti, tayari una mashina 1,350 ya kuyalisha. Mwenye kuacha sita au saba hapati kahawa maradufu. Anapata kivuli.

Wapandao mibuni mipya wanayo njia nyepesi ya kupata mashina hayo. Mche ukishashika na kupata kimo cha kutosha, huinamishwa taratibu na kufungwa kwenye kigingi ukiwa umelala upande. Kwa kuwa kilele si kilele tena, maotea huibuka kwenye mgongo wa shina lililoinama, nawe huchagua yaliyo imara na yaliyoachana vizuri. Mti ungali mdogo hukubali umbo. Ukishakomaa, ukiulazimisha huvunjika.

Chombo nacho kina adabu yake. Panga ni chombo cha vichaka. Likitumiwa kwenye mbuni hupasua shina, na ufa ule huwa nyumba ya maji na magonjwa. Tumia mkasi wa kupogolea kwa matawi na msumeno wa kupogolea kwa mashina, vyote vikiwa vikali. Familia zisizoweza kununua peke yao zinaweza kununua kwa ushirika wa nyumba tano au sita, kwa kuwa kazi ya kila nyumba huisha kwa siku chache.

Kukata visiki

Kupogoa kwa mwaka huurefushia mti uzazi, lakini shina lenyewe huzeeka. Likishapita takribani miaka saba au minane ya kuzaa, hata ukilipogoa vipi, mavuno hushuka. Hapo ndipo hukatwa kisiki.

Shina hukatwa kwa msumeno kwa kimo cha baina ya sentimita 30 na 45 kutoka ardhini. Mkato huwa wa mshazari ili maji ya mvua yateremke yasituame juu ya jeraha. Katika mti wenye mashina kadhaa, usiyakate yote kwa mara moja. Acha shina moja jembamba lenye majani, ambalo sisi hapa huliita shina la kulea, kwa kuwa huendelea kuilisha mizizi mpaka maotea mapya yapate nguvu. Baada ya miezi michache kisiki kitazungukwa na maotea mengi. Yakifika kiasi cha sentimita 30, chagua matatu au manne yaliyo na afya, yaliyotoka pande mbalimbali, na yasiyotokea juu kabisa ya kisiki ambako upepo huyabandua kwa urahisi. Mengine yote ondoa. Shina la kulea nalo hukatwa baadaye, likishamaliza kazi.

Mashina mapya huanza kutoa mavuno ya kuonekana baada ya miaka miwili hivi. Katika miaka hiyo shamba liko wazi na lina jua. Maharage na karanga hustawi humo, nazo huilinda ardhi na kuleta kitu jikoni. Samadi na matandazo ya majani ya migomba wakati huu vina faida kuliko wakati mwingine wowote, kwa kuwa mti unajenga mwili mpya mzima.

Mti mgonjwa haufufuliwi kwa kukatwa

Hapa tunaomba msomaji atulie. Mwaka 1997 ugonjwa wa mnyauko fuzari uligunduliwa katika mkoa wetu wa Kagera, nao umeziangamiza robusta nyingi za asili. Ni kuvu anayeingia kupitia majeraha na kuziba njia za maji ndani ya shina. Majani hulegea, mara nyingi upande mmoja kwanza, hugeuka manjano au kahawia na kupukutika, na mti wote hukauka ukiwa na buni zake. Ukikwangua gome la shina karibu na ardhi utaona mbao zilizopaswa kuwa nyeupe zimeingia rangi ya kahawia au ya kiza.

Mti wenye dalili hizo usiukate kisiki kwa kutaraji utachipua. Ung'olewe na kuchomwa pale pale ulipo. Usiburuzwe shambani kupita kwenye mingine, na shina lake lisipelekwe nyumbani kuwa kuni. Na kwa kuwa ugonjwa hupita kwenye jeraha, mkasi na msumeno vyaweza kuubeba kutoka mti hadi mti, na kutoka shamba la jirani hadi lako. Chombo cha kuazima kisafishwe kabla ya kuingia shambani, na kila mti ukikamilika kipitishwe kwenye moto au kifutwe kwa maji yenye jiki, sehemu moja ya jiki kwa sehemu tisa za maji. Ni kazi ya nusu dakika. Tumewaona watu wakiiruka kwa kuiona ndogo, na hakuna hatua katika kazi hii iliyo na gharama kubwa zaidi ikirukwa.

Palipong'olewa mti uliougua, tafuta miche ya aina zinazostahimili. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye kituo chake Maruku hapa mkoani, imezitoa aina za robusta zinazovumilia mnyauko, zikiwemo zile zilizopewa majina ya Maruku na Bukoba. Afisa ugani wa kata au chama chenu cha msingi ndio mlango wa kuzifikia.

Butura na miaka miwili ya subira

Tunarejea sasa kwenye swali la yule mama, maana ndilo linalozifanya familia nyingi ziogope msumeno hata zikishayajua yote tuliyoyaeleza. Mti ukikatwa, tutakula nini?

Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo inayowaingiza watu wetu katika butura. Kila mkazi wa Kagera anaijua: mtu ana shida ya ada au ya matibabu, anauza kahawa ingali maua kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika mwenye fedha huja kuchuma jasho la mwenzake. Viongozi wa mkoa wameipiga vita kwa miaka mingi. Kwetu Waislamu lipo la ziada, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kuuza matunda ya mti kabla ya kubainika kukomaa kwake. Sababu yake inaonekana kwa macho: mvua ikikatika au ua likipukutika, mmoja wa wawili hao ameula mtaji wa mwenziwe pasipo haki. Anayehitaji fedha mapema anayo njia ya halali katika mkataba wa salam, ambao bei yote hulipwa papo hapo, na kiasi, sifa na siku ya kukabidhi hutajwa wazi, bila kufungwa kwenye miti ya shamba maalumu. Wanaotaka kuufuata wawaone wanazuoni wao wawaandikie vizuri.

Lakini dawa iliyo bora ni kutojiingiza kwenye dhiki hiyo, nayo inawezekana. Usikate shamba zima. Chukua mfano wa mwenye mibuni 90. Mwaka wa kwanza, baada ya mavuno, akate 30 iliyo dhaifu kuliko yote. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpa kidogo, hivyo hasara yake ni ndogo kuliko theluthi. Mibuni 60 iliyobaki aipogoe vizuri. Mwaka wa pili akate 30 nyingine. Mwaka wa tatu, afikapo kwenye fungu la mwisho, lile la kwanza limeshaanza kurudisha. Hakuna msimu ambao atakaa bila kahawa kabisa.

Ndivyo tulivyofanya katika shamba la wakfu. Tulikata kwa theluthi, tukapanda maharage katikati ya visiki, na upungufu wa posho ya mwalimu ukabebwa na michango ya waumini iliyopangwa tangu mwanzo na kuandikwa, haikungojwa shida ifike. Sasa fungu la kwanza limetoa mavuno yake ya mwanzo, la pili limesimama na mashina ya kimo cha mtoto wa shule, na la tatu litakatwa kahawa hii ikishaanikwa. Yule mzee aliyelipanda na marehemu ndiye aliyechagua maotea ya kubakizwa katika fungu la pili, mti baada ya mti. Jicho lake ni bora kuliko la vijana wote wa kamati.

Warithi wakubaliane kabla ya msumeno

Limebaki jambo moja linalozihusu nyumba nyingi. Mibuni mingi mizee ni ya warithi ambao hawajagawana. Mjane yupo shambani, watoto wawili wako Mwanza, mmoja Dar es Salaam. Anayelima anaogopa kukata kwa kuwa mti si wake peke yake, na walio mbali wanangoja fungu la fedha kila msimu. Matokeo yake hakuna anayekata, na wote wanarithi kuni.

Ushauri wetu ni kwamba mirathi igawanywe mapema kama ilivyoamriwa. Mjane mwenye watoto kutoka kwa marehemu ana thumuni yake, na watoto wana mafungu yao, na hakuna haya wala ubaya kuyataja. Ikiwa wameridhia kuliacha shamba pamoja, basi waandikiane: mibuni mingapi itakatwa mwaka upi, nani ataisimamia, mapato ya miaka miwili ya pungufu yatagawanywaje, na mjane atatengewa nini kwanza. Karatasi moja yenye saini na mashahidi wawili huzuia maneno ambayo baadaye hata kamati ya msikiti na baraza la kata hushindwa kuyamaliza. Tumeyasuluhisha machache ya namna hiyo, na katika yote ugomvi ulianzia kwenye mti uliokatwa na mmoja bila wengine kujua.

Mavuno ya msimu huu yanaendelea. Kabla hayajaisha, kila mwenye shamba azunguke akiwa na vitambaa au kamba za migomba, aifunge alama mibuni iliyochoka na ile inayoonyesha dalili za mnyauko, kila aina kwa alama yake. Hesabu hiyo ifanywe sasa, wakati kahawa ingali mtini na kila mti unajisema wenyewe unazaa kiasi gani. Septemba ikifika hakutakuwa na haja ya kubahatisha wapi pa kuanzia.